Usiku wa Mistari ya DATA

Mjomba alikuwa katibu wa chama cha kuzikana pale kwetu Pasua, Moshi. Watu wakimwona anakuja na baiskeli yake mwisho wa mwezi, ghafla walikumbuka wana shughuli uani. Hakuwa na simile na mchango wa mtu. Na daftari lake halikuwa daftari: lilikuwa kompyuta, Commodore 64.

Aliachiwa na Mjerumani mmoja wa kujitolea waliyefundisha naye, siku mkataba wake ulipokwisha. Kompyuta yenyewe ilikuwa kibodi nene ya kahawia unayoichomeka kwenye televisheni. Pembeni yake ndiyo kulikuwa na draivu, yaani kisomea diski, aina ya 1541, sanduku zito kuliko kompyuta, lenye mdomo wa kumeza diski laini ya inchi tano na robo. Upande mmoja wa diski ulibeba kilobaiti 170. Picha moja ya simu ya leo haienei humo, lakini wafu na wafiwa wa mtaa mzima walienea na nafasi ikabaki. Mjomba alifundisha hesabu, akajisomea BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwenye kitabu kilichokuja na mashine, akaingiza majina na michango katika mistari ya DATA, ile mistari ya programu inayotunza taarifa. Kila mgeni aliambiwa kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na tazama, miaka ishirini baadaye ipo moja Pasua inayojua nani hajalipa.

Nakala ya karatasi? Alikwisha acha kuandika tangu Januari. Alisema ni ushamba.

Ijumaa moja ya mwaka huo wa 1994, siku mbili kabla ya mkutano wa wanachama, aliandika LOAD"$",8, amri ya kuita orodha ya vilivyomo kwenye diski, kama kawaida. Ndani ya draivu kukasikika ta-ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga bati kwa funguo. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Kwenye kioo ikatokea FILE NOT FOUND ERROR, yaani faili halikupatikana.

Mjomba akanigeukia taratibu. "Ni yale magemu yako."

Nilikuwa kidato cha pili, na magemu yalikuwa ya Mjerumani, si yangu, ila mchezaji nilikuwa mimi. Sikujibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa amesema upuuzi. Magemu mengi ya wakati ule yaliwekewa makosa ya makusudi kwenye diski ili yasinakiliwe, na draivu ya 1541 ikikutana na kosa hurudisha kichwa cha kusomea mpaka kigonge kizuizi, ta-ta-ta, ndipo ianze kuhesabu upya. Ukikigongesha hivyo miaka, kinaweza kuhama mahali pake. Kwa hiyo shutuma ilikuwa na mashiko. Ila haikuwa kweli.

Kesho yake tulifunga draivu kwa khanga ya mama, kompyuta ikaingia kwenye kikapu, tukaenda kwa fundi redio mwenye kibanda karibu na soko la Mbuyuni. Hakuwahi kugusa kompyuta maishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii deki ya nini?"

Mjomba akaanza kueleza habari za kumbukumbu na data. Fundi akamkata. "Mwalimu, mimi nakuuliza, ndani kuna kitu kinazunguka?"

"Kipo."

"Basi weka mezani."

Umeme ulikuwa wa mgao na siku ile haikuwa zamu yetu. Saluni ya jirani ilikuwa na jenereta, fundi akavuta waya kutoka huko, akawasha taa yake ya tyubu na televisheni ya mteja mmoja ambaye nadhani mpaka leo hajui ilitumikaje. Kwanza alisafisha kichwa kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka na rangi ya chai ya rangi, vumbi la Pasua lile. Tukajaribu: ta-ta-ta. Akaichomoa, akaipindua tumbo juu. Chini kulikuwa na gurudumu pana linalovutwa na mota kwa mkanda wa mpira. Akaupima mkanda kwa ncha ya kidole, ukalegea kama lastiki ya kaptula kuukuu.

"Huu umechoka. Mota inakimbia, gurudumu linabaki."

Akamwaga mezani kopo la Kimbo lililojaa mikanda ya deki zilizokufa, akachagua mmoja bapa, mnene kidogo kuliko wa zamani. Halafu akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameona kitu kwenye lile gurudumu. Palikuwa na duru mbili za vistari vyeusi, moja imeandikwa 50 na nyingine 60.

"Aa," akasema, na uso wake ukawa wa kijana. "Hii ni santuri!"

Alitueleza huku akitafuta bisibisi. Taa ya tyubu haiwaki mfululizo, inapepesa mara mia kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, ila jicho halioni. Gurudumu likizunguka sawasawa, kila mpepeso unakuta kistari kingine kimeshika nafasi ya mwenzake, kwa hiyo vinaonekana vimesimama. Likichelewa vinarudi nyuma, likizidi vinakwenda mbele. Duru ya 60 ni ya Wamarekani, hiyo tuiache. Sahani za santuri nzuri zilikuwa na alama hizohizo, na draivu hii ilitakiwa kuzunguka mara 300 kwa dakika.

Kazi yangu ikawa kuandika LOAD"$",8 tena na tena, maana kila amri ilizungusha mota sekunde chache tu. Fundi alikuwa akizungusha skrubu ndogo kwa ncha ya bisibisi, unywele kwa unywele. Vistari vikapunguza mwendo, vikajikokota, vikasimama. Mjomba akapiga makofi. Tukaweka diski.

Ta-ta-ta-ta-ta.

Sijui tungekaa pale mpaka saa ngapi. Ila kule saluni mteja mmoja aliingia chini ya draya, jenereta ikakoroma, na mimi nikaona vistari vilivyokuwa vimetulia vinaanza kutembea vyenyewe. Fundi hakutazama. Aliinamisha sikio juu ya draivu, kama alivyosikiliza kaseti zinazoburuza.

"Mota haijabadilika," akasema. "Sauti ni ileile. Kilichobadilika ni taa." Akakaa chini akacheka. "Jenereta inatudanganya! Haina hezi 50 hii, wala haijawahi kuwa nazo. Nendeni nyumbani, mngoje umeme wa kweli."

Hakuchukua hela, ila alitukopesha bisibisi. Akanionya kwamba upande wa nyuma kuna transfoma ya umeme wa ukutani, nisiingize kidole huko.

Umeme ulirudi saa tano usiku. Mjomba alikuwa kwenye kibodi, mimi nimepiga magoti sakafuni chini ya tyubu ya sebuleni, draivu imelazwa ubavu. Vistari vilikuwa vinakimbia nyuma kama siafu waliomwagiwa maji. Nilizungusha skrubu, nikapitiliza, nikarudisha. Mara ya tisa au ya kumi vikasimama, vyeusi, kila kimoja peke yake, ungeweza kuvihesabu. Diski ikaingia na hakuna kilichogonga. Orodha ikatokea kwenye kioo cha buluu.

Mjomba hakusema lolote kuhusu magemu. Alileta daftari la kurasa mia na kalamu, akasema nisome mstari kwa mstari, kabla umeme haujabadili mawazo. Nikasoma, yeye akaandika. Majirani wote walipita mdomoni mwangu usiku ule na madeni yao. Mpaka nikafika mstari wa 340, nikanyamaza.

"Mbona umesimama?"

"Mjomba, hapa ni jina lako. Aprili sifuri. Mei sifuri. Juni sifuri."

Alitazama kioo muda mrefu kidogo.

"Hapo ndipo magemu yako yalipoharibu," akasema, akaandika anavyojua yeye. "Mstari wa 350."