Popobawa na Mjomba Asiyemwamini

Mpwa wangu wa sekondari kashikwa na habari za malimwengu sambamba, yaani dunia nyingine zilizopo kando ya hii yetu. Kanisomea kwamba mwanafizikia Mmarekani Hugh Everett aliandika nadharia yake ya mambo hayo mwaka 1957. Nikamwambia, mjomba, sisi Pemba wageni kutoka huko tumeshawapokea, tena bila kupiga hesabu.

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, popobawa, kiumbe wa mbawa anayesemekana kuwavamia watu usiku usingizini, alivuma kisiwa kizima, kisha akavuka Unguja. Kwetu tulilala nje kiwanjani, mikeka imeunganishwa, moto unakokwa mpaka alfajiri. Bibi alikuwa na panga chini ya mto na tasbihi mkononi. Anayesinzia anafinywa, na mimi nilifinywa sana. Wakubwa walisema ukitembelewa ukanyamaza, atarudi. Basi asubuhi kila mtu ana kisa chake, na mbawa za leo lazima ziwe pana kuliko za jana.

Majini nakubali, yametajwa kwenye Kur'ani. Huyu wa mbawa, hapana. Ila hofu ilikuwa ya kweli: huko Unguja mjini umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, wakidai ndiye popobawa. Alikuwa amekuja kutafuta matibabu.