Hodi kwa Dubu

Kibao kilisema wazi: kwenda Sentinel Pass, pito la juu milimani huku Kanada, ni watu wanne au zaidi kwa sababu ya dubu, tena wasiachane njiani. Sisi tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu anayeishi Calgary. Tukakaa kando ya Ziwa Moraine kama abiria wa Marangu wanaosubiri Noah ijae, mpaka akatokea mzee mmoja na mkewe, wenyeji wa Alberta. Gari likajaa.

Msituni njia ni kona juu ya kona, na magoti yanaanza kulalamika mapema. Lakini kilichonishinda mimi ni kelele. Dubu akishtukizwa ndipo anapokuwa hatari, kwa hiyo penye kichaka au kona usiyoona mbele lazima upaze sauti. Vile vikengele vya kufunga kwenye mkoba mzee alivicheka, eti havisikiki. Nami nimekulia chini ya Kilimanjaro. Kwetu mlima unapandwa pole pole, pumzi unazitunza.

"Shemeji, piga hodi basi. Si unaingia kwa watu?"

Nikapiga. Hodi! Hodi wenyewe! Haikupita nusu saa, mzee na mkewe nao wanaita hodi kila kona, huku sisi tukiomba asitokee wa kuitikia karibu.

Juu kidogo tukakuta kinyesi katikati ya njia, cha ukubwa wa sahani, kimejaa maganda mekundu ya matunda ya porini. Kilikuwa kibichi. Ilikuwa mwisho wa Agosti, wakati dubu anakula kutwa nzima anenepe kabla ya usingizi wa miezi ya baridi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kiunoni, kwenye kopo la kupulizia. Ndani ni ukali wa pilipili, ule ule wa kachumbari, ila inabidi umngoje dubu abakize hatua chache ndipo umpulizie. Nani ana moyo huo? Na upepo je, ukikurudishia machoni?

Baada ya bonde la Larch miti ikaisha. Kulia Mount Temple, kushoto Pinnacle, katikati ukuta wa mawe yaliyomeguka: unapanda hatua mbili, mguu unateleza moja. Hapo hodi zilikatika, pumzi hakuna.

Kileleni mwa njia, mita 2,611, mke wa mzee alichungulia bonde la ng'ambo, akaweka viganja mdomoni.

"Hodiii!"

Sauti ikagonga miamba, ikarudi nzito kuliko ilivyotoka. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshafunga mkoba.