Jeti Tatu za Kwenda Kitulo

Pikipiki yangu ni Yamaha DT125 ya mwaka 1979, yenye injini ya mipigo miwili, niliyorithi kwa marehemu baba aliyeitumia akiwa bwana shamba. Mwezi Juni niliamua kuipandisha Kitulo, kwenye uwanda wa nyasi na maua ulio yapata mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na kabla sijafunga mizigo Dar es Salaam nilikwisha kujua kwamba njiani nitainamia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara nyingi kuliko nitakavyotazama mandhari.

Sababu ni nyepesi kuieleza. Katika kabureta ya namna hii mafuta hupita kwenye jeti, yaani kitundu cha shaba chenye kipimo kisichobadilika, ilhali hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi katika kila mita 1,000 unazopanda. Jeti iliyokuwa sawa pwani humwaga mafuta mengi mno mlimani. Jeti kuu niliyoizoea Dar ni namba 130; namba ikiwa ndogo, kitundu nacho ni chembamba zaidi. Nikaweka namba 120 na 115 ndani ya kichupa cha dawa, nikakizungushia kitambaa, nikakitia mfukoni.

Hadi Mikumi hapakuwa na neno. Kwenye mlima wa Kitonga, nikiwa nyuma ya malori yanayotambaa, injini ilianza kukoroma kila nilipovuta mafuta nusu, kama mtu anayesema huku kinywa kimejaa maji. Nilifika Iringa, yapata mita 1,600, nikafungua plagi: ilikuwa nyeusi, imelowa, na masizi yake yalinata kidoleni, wakati plagi yenye afya huwa na rangi ya karanga zilizokaangwa. Sikugusa jeti kuu, kwa kuwa kazi yake huonekana hasa mafuta yanapovutwa hadi mwisho. Katikati ni sindano inayotawala, yaani kijiti chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya njia ya mafuta. Nilifungua mfuniko wa kabureta, nikaitoa sindano, nikahamisha klipu yake ngazi moja juu ili sindano izame zaidi na kubana njia ya mafuta. Mkoromo ukaisha.

Alfajiri iliyofuata ilikuwa na baridi ya kuuma vidole, na injini ilivuta vizuri ajabu, hata nikadhani nimepatia kila kitu. Saa sita mchana, kabla ya Makambako, injini ikawa nzito tena. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo alfajiri ilikuwa imenirudishia sehemu ya kile ambacho mwinuko ulikuwa umeninyang'anya. Tangu siku hiyo sirekebishi kabureta asubuhi. Nangoja injini ipate moto na jua lipande.

Pale Chimala, chini ya ukuta wa milima, nilimkuta fundi mzee chini ya mwembe. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha jeti zangu. Akaiinua ile ya 115, akaitazama kwa kuielekeza juani, akasema, "Hii ikupandishe, mwanangu, lakini usije ukashuka nayo. Itakuunguzia pistoni." Nilimwelewa papo hapo. Mafuta yakizidi, plagi huchafuka na safari huchelewa; yakipungua, injini ya mipigo miwili hupata joto kali, pistoni hunata kwenye silinda, na mashine ya miaka zaidi ya arobaini imenoki.

Tukaifunga ya 115, nikaanza kupanda barabara inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Kwa muda mrefu nilikuwa gia ya kwanza na ya pili. Jeti ndogo husafisha mchanganyiko, lakini hairudishi hewa ambayo haipo, na nguvu zilizopotea zimepotea; nilikubali mwendo huo, nikawa nasimama mara kwa mara ili injini ipoe. Baada ya Matamba nikaingia ukungu.

Kitulo injini ilikuwa ikizima kila nilipoachia mkono. Nilipiga magoti kwenye nyasi zenye umande na kuishika kabureta: ilikuwa baridi kuliko mkono wangu, imetoa jasho, matone yakichuruzika kwenye bakuli lake, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto la chuma kinachoizunguka. Nikashika bisibisi ndogo, nikaifungua skrubu ya hewa, inayopima hewa injini inapounguruma bila kuvutwa mafuta, polepole kutoka mzunguko mmoja na nusu, robo baada ya robo, nikisikiliza. Ilipopita kidogo mizunguko miwili, sailensa, yaani mwendo wa injini mkono ukiwa umeachiwa, ilipanda yenyewe na kutulia. Nilikaa pale karibu saa nzima, injini ikiunguruma taratibu katikati ya ukungu, nikamkumbuka baba, ambaye angefurahi sana kuisikia.

Wakati wa kushuka sikufanya haraka. Matamba nilirudisha jeti ya 120 pamoja na skrubu ya hewa, na kwenye kona nilikuwa nikibana klachi na kuvuta mafuta kidogo kila baada ya muda, kwa maana pampu ya oili ya pikipiki hii hufuata mkono wa mafuta; ukiteremka umeufunga muda mrefu, pistoni hupanda na kushuka karibu kavu. Chimala nilimkuta yule mzee bado yupo chini ya mwembe wake. Hakuuliza habari za maua. Alininyooshea spana, akasogeza kigoda, akangoja nimwonyeshe kwamba ile ya 130 imerudi mahali pake.