Mvua ya Januari

Juzi imenyesha mvua hapa Karasjok, kaskazini kabisa mwa Norway. Mvua ya maji, katikati ya Januari. Mwanangu karudi shuleni viatu vimelowa, hajavua hata koti, ananiuliza: "Mama, mbona mwalimu amesikitika mvua ilipoanza? Si wewe husema mvua ni baraka?"

Nikamwambia akabadili soksi.

Kusema kweli, husema. Aliyekulia Longido atasema nini kingine? Kwetu mgeni akifika siku ya mvua watu husema ameileta yeye, na kiti kizuri anapewa. Majira yangu ya baridi ya kwanza huku, mvua ilipogonga dirisha, nilitoka nje bila kofia, nikacheka peke yangu barabarani. Jirani mmoja alinitazama tu, akafunga mlango. Sikuelewa mpaka Machi 2020, siku chache kabla Norway haijafungwa kwa sababu ya corona, Áddjá aliponichukua kwenda nyikani.

Áddjá ni babu kwa Kisami, lugha ya Wasami, wenyeji wa huku kaskazini. Watoto wote wa mtaani humwita hivyo, nami nikafuata. Mwaka ule watu wenye nguvu walikuwa wamechoka, ndugu zake wote wako nje na mifugo, akaja kwetu kumwomba Baba Watoto msaada. Baba Watoto anaogopa hata mbuzi. Mzee akanigeukia, akauliza kama na mimi naogopa mifugo. Mimi!

Mifugo yenyewe ni kulungu wa baridi, hawa mnaowaona kwenye kadi za Krismasi wakivuta mkokoteni. Wakati wa baridi chakula chao ni likeni, uoto mweupe wa ardhini unaorefuka milimita chache tu kwa mwaka. Kulungu huinusa ikiwa chini ya theluji, kisha huchimba kwa kwato. Theluji laini haiwashindi. Mwaka ule ilikuwa imenyesha mvua juu ya theluji, baridi ikarudi, maji yakaganda. Ikaanguka theluji nyingine, joto likaja tena, yakaganda tena. Ardhi yote ilikuwa imefungwa matabaka, na juu yake theluji nyingi kupita kawaida.

Áddjá alisimamisha skuta, pikipiki ya kutelezea kwenye theluji, mbele ya mteremko wenye miti mifupi, akazima injini. Ndipo nikasikia. Kwato juu ya barafu, mamia ya kwato, kwa, kwa, kwa, kila upande, bila mpangilio. Karibu yetu jike mmoja mwenye mimba (huku majike hubaki na pembe mpaka wazae) alikuwa anakwangua palepale alipokwishakwangua. Miguu yake ya mbele ilikuwa imenyonyoka manyoya, na kulikuwa na damu kidogo kwenye theluji. Alikwangua, akainamisha pua, akasubiri, akakwangua tena. Hakutuangalia kabisa. Nimewahi kumwona ng'ombe anayekufa njaa. Huwa amelala, amekata tamaa. Huyu alikuwa anafanya kazi.

Mzee akachomoa mtaimbo kwenye mzigo. Mtaimbo hasa, wa kuchimbia mashimo ya nguzo. Akapiga pembeni ya jike yule, akapiga, vipande vya barafu vikaruka, akahema, akapiga. Mwishowe ukapasuka mlango wa kutosha kuingiza mkono. Akavua glavu, akachota likeni, akainusa muda mrefu. Kisha akaninyoshea mimi ninuse. Ilinuka kama nguo zilizokunjwa mbichi zikasahaulika kabatini. Ukungu. Ardhi ilifunikwa kabla haijapoa vizuri, akasema, kwa hiyo hata hiki kidogo kimeoza.

Jike akasogea, akasukuma mkono wa mzee kwa pua, akaingiza mdomo shimoni, akala huohuo ukungu. Wengine wawili wakaja wakimsukuma. Shimo lilikuwa la upana wa sahani. Áddjá akautazama mtaimbo, akautazama mteremko wote mpaka juu, akaanza kucheka. Nikacheka na mimi. Tulicheka mpaka akakohoa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Kwanza magunia ya likeni, iliyookotwa kwa mkono wakati wa vuli ya huku, kabla ya theluji, ikagawiwa kiganja kwa kiganja. Huwezi kumpa kulungu mwenye njaa nyasi moja kwa moja: vijidudu vya tumboni mwake vimezoea likeni, na ukibadilisha ghafla anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Kisha chakula cha punje cha kiwandani, kisha kidogo kidogo marobota ya nyasi. Sehemu nyingine skuta hazikuweza kufika. Baadaye helikopta zilipeleka chakula.

Tulipokuwa tunamwaga punje niliuliza zamani walifanyaje. Mzee akasema walihama. Ukiona bonde limefungwa, unapeleka kundi bonde jingine, au pwani, au ng'ambo. Lakini mpaka wa upande wa Finland ulifungwa kwa wafugaji tangu 1852, na siku hizi kila unakogeuka kuna barabara, nguzo za umeme, nyumba za likizo. Nikamsimulia Namanga, na mstari wa wakoloni uliopita katikati ya malisho yetu. Akaitikia kwa kichwa, wala hakuonekana kushangaa.

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa gharama, ingawa punje zile si bei ya kawaida. Ni kwamba kulungu walikuwa wameanza kuukimbilia mlio wa skuta. "Ndama anajifunza kuchimba kwa mama yake," alisema. "Mama akisubiri gunia, ndama atajifunza nini?" Halafu akafungua gunia jingine. Miaka miwili baadaye nilisoma utafiti wa Wafini uliosema eneo la Aktiki, yaani kaskazini kabisa ya dunia, limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979, nikasoma pia kuhusu rasi ya Yamal huko Urusi, ambako kulungu 61,000 walikufa njaa baada ya mvua ya Novemba 2013 kuganda. Siku ile sikuwa na takwimu yoyote. Nilikuwa na harufu ya ukungu kwenye glavu.

Jioni tulipofika barabarani simu ikapata mtandao, nikampigia Baba kule Longido. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kwamba huku mvua inaua mifugo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza bei ya kulungu mmoja. Nikamtajia. Akapiga mluzi.

"Mwambie huyo mzee auze nusu ya kundi sasa hivi," akasema, "kabla hawajakonda."

Sasa, mwaka 2009 afisa mifugo alikuja bomani kwetu na maneno hayohayo. Baba alimpa chai, akamsikiliza kwa heshima, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Ng'ombe waliobaki baada ya ukame ule niliweza kuwahesabu kwa vidole, na mpaka leo hakuna anayeligusa jambo hilo nyumbani.

Áddjá alikuwa ananisubiri kando ya gari, anataka kujua mfugaji mwenzake wa Kimaasai kasemaje. Nikamfikishia ujumbe kama ulivyo, kwa Kinorwe changu cha kuchechemea. Akausikiliza mpaka mwisho.

"Ushauri mzuri," akasema. "Na yeye aliuza?"

Nikaanza kuwa na shughuli nyingi sana na kamba za mzigo.