Upendeleo usio na hila: tohara, VVU na utafiti wa afya

Neno "upendeleo" linatupotosha kidogo katika utafiti wa afya, kwa sababu katika Kiswahili cha kila siku linatuletea picha ya mkubwa wa ofisi anayempa mpwa wake kazi. Katika utafiti, maana yake ni kasoro inayoyapotosha matokeo: mtafiti anaweza kuwa mwadilifu kabisa, na bado matokeo yake yakaenda kombo kutokana na namna alivyowapata watu wake, alivyowahoji au alivyowalinganisha. Ninapowaeleza wanafunzi wangu jambo hili, hutumia mfano wa tohara ya wanaume na VVU, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari hiyo ilitokea hapa kwetu.

Tangu miaka ya 1980 ilionekana kwamba VVU vimeenea zaidi katika maeneo mengi ya Afrika ambako wanaume hawatahiriwi. Mwaka 1989 utafiti wa Nairobi uliripoti kwamba wanaume wasiotahiriwa waliambukizwa zaidi. Lakini wanaume hao walipatikana katika kliniki ya magonjwa ya zinaa, na anayefika kliniki hiyo si sawa na jirani yake ambaye hajawahi kuihitaji. Huo ni upendeleo wa uteuzi.

Pingamizi zito zaidi lilikuwa jingine. Katika Afrika Mashariki, aliyetahiriwa mara nyingi ni Mwislamu au ametoka katika jamii yenye jando, na dini na mila huja pamoja na mambo mengine mengi, kama vile kujiepusha na pombe au desturi za ndoa. Je, kinga ilitokana na tohara yenyewe au na maisha ya mtu? Mtakwimu anaweza kurekebisha hesabu kwa yale yaliyopimwa tu, ilhali yasiyopimwa hubaki yamejificha ndani ya jibu. Tena hata yaliyopimwa hutegemea ukweli wa mhojiwa, na ni wangapi watamtajia karani mgeni idadi kamili ya wapenzi wao? Mwaka 2003 tathmini ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima kwa pamoja tafiti za afya zilizokwisha kufanywa, ilihitimisha kwamba ushahidi haukutosha. Naamini tahadhari hiyo ilikuwa ya haki, ingawa watu walikuwa wakifa.

Ufumbuzi ulikuwa kuwagawa watu kwa kura. Katika Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, wanaume waliokubali kutahiriwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine watahiriwe mara moja, wengine wasubiri. Kura haijui nani mlevi wala nani mcha Mungu, hivyo husawazisha pande mbili hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Kisumu, kati ya vijana 2,784, walioambukizwa walikuwa 22 upande wa waliotahiriwa na 47 upande wa pili. Kwengineko pia maambukizi yalipungua kwa nusu au zaidi.

Hata hivyo majaribio hayo hayakuwa safi kabisa. Mwanamume hawezi kufichwa kwamba ametahiriwa, naye huenda akabadili mwenendo kwa kujua hivyo. Yote matatu yalisimamishwa mapema, na kusimamisha mapema huelekea kuifanya faida ionekane kubwa kuliko ilivyo. Kinachonishawishi ni kwamba matatu hayo, katika nchi tatu, yalikubaliana. Lakini yalipima mwanamume anayeambukizwa na mwanamke. Jaribio jingine la Rakai, lililochapishwa mwaka 2009, halikuonyesha kwamba kumtahiri mwanamume mwenye VVU kunamkinga mwenzi wake wa kike.