Kopo la pili la Escudo

Mwezi Machi 2013 nilinunua makopo mawili ya Escudo, tumbaku ya kiko, siku moja, kila moja gramu 50. La kwanza nililifungua jioni ileile. La pili nilibandika karatasi ndogo yenye tarehe, nikaliweka chini kabisa ya kabati la nguo, nyuma ya mablanketi, mahali ambapo jua halifiki na joto halipandi na kushuka. Lilikaa humo miaka tisa. Watu wanaoanza kuvuta kiko huniuliza tumbaku gani nzuri, na kila mara najikuta nataka kwanza kuwauliza: ya mwaka gani?

Escudo ni ya majani ya aina mbili, Virginia na Perique. Majani husokotwa kuwa kamba nene, kamba ikakandamizwa, kisha ikakatwa vipande vyembamba vya duara, kwa hiyo ukifungua kopo unakuta kama sarafu za kahawia zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja na mizunguko yake iliyofifia kuelekea katikati. Ilianzia Liverpool katika kiwanda cha Cope, na hizi ninazovuta mimi zimetengenezwa Denmark. Katika yote niliyowahi kujaza kwenye kiko, hii ndiyo ninayoirudia.

Virginia ni tumbaku ya mvuke. Jani hutundikwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, moto ukawaka nje, joto likaingia kwa mabomba bila moshi kugusa jani. Mwanzoni joto ni la pole. Jani bado lina uhai, linageuka manjano, na wanga uliomo unakuwa sukari. Kisha joto hupandishwa, jani linakauka kabla halijaimaliza sukari yake. Inasimuliwa kwamba rangi ile ya manjano angavu ilipatikana mwaka 1839 huko North Carolina, Marekani, katika shamba la Abisha Slade. Stephen, aliyekuwa mtumwa wake, alipitiwa na usingizi akiwa zamu ya bani, akaamka moto unakaribia kuzimika, akaukimbilia mkaa na kuuwasha kwa nguvu. Jina la Stephen halipo kwenye kopo lolote ninalolijua, nami naona linastahili kutajwa kila tumbaku hii inapozungumzwa.

Perique ni habari nyingine kabisa. Inatoka St. James Parish, Louisiana, kando ya mto Mississippi, kwenye eneo dogo la ardhi. Hadithi ya huko humtaja Pierre Chenet, mkulima aliyeanza kuiuza mwaka 1824 baada ya kujifunza kutoka kwa Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa Marekani, namna ya kukandamiza majani hadi yatoe majimaji. Jani hukaushwa kwa hewa, likalowanishwa kidogo, mshipa wa kati ukanyofolewa kwa mkono, kisha majani yakasokotwa mafungu na kushindiliwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi wiski. Juu ya pipa hukazwa jeki. Majani yanakaa yakiogelea katika maji yake yenyewe mwaka mzima au zaidi. Mara kadhaa pipa hufunguliwa, majani yakatolewa, yakapunga hewa, yakarudishwa na kukandamizwa tena. Yanatoka meusi, ya kunata, yana harufu ya siki, ya zabibu kavu na tini, na ya kitu kilichochacha ambacho pua inakikataa mara ya kwanza na kukitafuta mara ya pili.

Niliwahi kuijaza Perique peke yake kwenye kiko kidogo, nione. Sikumaliza. Ni nzito, inapanda kichwani, na pilipili yake inakaa nyuma ya koo kwa saa nzima. Ndiyo maana wachanganyaji huitia kidogo, kama kiungo. Lakini kidogo hicho hufanya kazi kubwa: Virginia changa ina utamu mkali unaochoma ulimi ukivuta haraka, na Perique huupa utamu ule mwili na kivuli.

Turudi kwenye makopo yangu.

La kwanza, lile nililolifungua 2013, lilikuwa na majani mawili yanayoongea kwa zamu. Nilivuta pumzi tatu za utamu wa nyasi kavu na maganda ya limau, ya nne ikaja pilipili, kisha utamu tena. Tumbaku nzuri sana. Kwenye daftari langu niliandika: "Inachoma ncha ya ulimi nusu ya pili. Perique inabisha hodi, haiingii."

La pili nililifungua mwaka 2022. Kifuniko cha kopo la duara hushikwa na hewa iliyopungua ndani, kwa hiyo nilipotia ncha ya kijiko ukingoni na kuipindisha kidogo kilipumua, pumzi moja fupi. Harufu ya limau haikuwepo tena. Ilikuwa ya matunda makavu, mkate uliotoka tanuri na siki kwa mbali. Sarafu zilikuwa zimegeuka kahawia nzito karibu na nyeusi. Nilipoinua ya juu kwa kucha na kuigeuza chini ya taa, niliona chembe zinazometa, ndogo kuliko chumvi, zimekaa kwenye mikunjo ya jani. Nilichukua kioo cha kukuzia. Zilikuwa na kona, zilipokea mwanga na kuurudisha. Anayeziona mara ya kwanza huogopa kuwa ni ukungu. Ukungu una manyoya na hunuka uvundo. Hizi hung'aa, na hutokea kwenye tumbaku yenye sukari iliyolala muda mrefu.

Niliziacha sarafu mbili juu ya karatasi kama dakika arobaini, kwa sababu tumbaku ya kopo karibu daima ina maji mengi kuliko kiko kinavyotaka. Nikaikunja moja nzima na kuisukuma chini, ya pili nikaifikicha juu yake ili ishike moto. Nikavuta polepole. Pilipili ilikuwepo, lakini haikuja kwa zamu. Ilikuwa ndani ya utamu, na utamu ulikuwa ndani yake. Nilijaribu kutenganisha jani na jani kama nilivyofanya 2013, nikashindwa. Ulimi haukuchomwa hadi majivu ya mwisho. Daftarini niliandika neno moja tu: "Imeingia."

Kinachotokea ndani ya kopo si muujiza. Kuna sukari, kuna unyevu kidogo, kuna vimeng'enya na vijidudu vilivyokuja na jani. Hewa iliyobaki humalizwa kwanza, kisha mabadiliko huendelea bila hewa, pole sana, na yale makali ya Virginia hulainika. Tumbaku isiyo na sukari nyingi, kama ile inayokaushwa kwa hewa, haibadiliki sana. Michanganyiko yenye Latakia, tumbaku inayokaushwa kwa moshi, husogea njia tofauti: moshi wake hupoa na kufifia kadiri miaka inavyopita. Virginia na Perique ndizo ninazoziona zikilipa subira kuliko zote.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kadiri inavyozidi kukaa ndivyo inavyozidi kuwa bora. Niliwahi kuvuta tumbaku ya aina hii iliyokuwa na zaidi ya miaka ishirini, zawadi ya mzee mmoja aliyenifundisha kujaza kiko. Ilikuwa laini kama uji, na nilimshukuru kwa moyo wote, lakini ile pilipili inayofanya Perique iwe Perique ilikuwa imelala usingizi. Kwangu mimi miaka mitano hadi tisa ndiyo kilele. Chini ya miwili nakuwa na haraka bila sababu.

Nyingine ninazozilaza: St. James Flake ya Samuel Gawith, vipande bapa vyenye unyevu mwingi na Perique ya kutosha, inayotaka kukaushwa kwa saa kadhaa ikiwa changa. Solani 633, laini na ya kiungwana, ambayo naivuta asubuhi. Elizabethan Mixture, ya nyuzi badala ya vipande, niliyoanza nayo ikiwa bado na jina la Dunhill na sasa inauzwa chini ya jina la Peterson. Nyuzi naziona hukomaa haraka kidogo kuliko majani yaliyokandamizwa, lakini hazifiki kina kilekile. Orlik Golden Sliced naiweka kwa ajili ya wageni, maana hata changa haimsumbui mtu.

Na kuna St. James Woods ya McClelland. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2018. Makopo yao yalikuwa na harufu kali ya siki na nyanya ambayo wengi hawakuipenda. Mimi nilikuwa nafungua kifuniko na kukaa nayo puani kabla hata ya kutafuta kiberiti. Nimebakiwa na kopo moja. Three Nuns nayo ilikuwa na Perique zamani, siku hizi haina, na kwa mtu anayeikumbuka ya kale kufungua kopo la sasa ni kukutana na mtu mwingine mwenye jina la rafiki yako.

Kuhusu kuhifadhi, nimejifunza kwa hasara. Mwaka 2017 nilitoa kopo nililoliweka miaka sita, nikatikisa, nikasikia mchakacho. Muhuri ulikuwa umeachia, pengine mwaka wa kwanza tu. Ndani kulikuwa na vumbi la kahawia lisilo na harufu. Nililikalia kimya muda mrefu, maana miaka sita hairudishwi kwa kununua kopo jingine. Tangu siku hiyo makopo mapya ninayokusudia kuyaweka zaidi ya miaka michache nayafungua mara moja, na tumbaku naihamishia kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa chuma na ukingo wa mpira. Kwanza naziosha chupa kwa maji yanayochemka na kuziacha zikauke kabisa. Tone moja la maji linatosha kuleta ukungu. Najaza karibu kufika juu bila kushindilia sana, nakaza, naandika jina, mwezi na mwaka. Chupa zinakaa gizani. Sizitii kwenye friza, kwa sababu baridi ile inasimamisha kile ninachokisubiri, na sizisogezi karibu na joto ili kuharakisha. Joto linapika tumbaku, na kupikwa si kukomaa.

La muhimu kuliko yote, sifungui kuchungulia. Ukifungua chupa ya miaka minne unaiingizia hewa mpya, na ile iliyojijenga humo inatoka. Bora kugawa tumbaku kwenye chupa nne ndogo kuliko kuijaza moja kubwa. Ukifungua moja, tatu zinaendelea kulala.

Navuta mara mbili kwa wiki, nje, peke yangu. Madhara ya tumbaku nayajua na simwambii mtu aanze. Huenda ndiyo sababu napenda hizi zinazonitaka nisubiri: kiko kimoja cha tumbaku ya miaka minane kinanitosha hadi Jumamosi.

Juzi nilitoa chupa ya St. James Flake niliyoifunga Septemba 2019. Sikuifungua. Niliishika mbele ya taa na kuizungusha taratibu. Kwenye kipande cha pembeni, kinachogusa kioo, kulikuwa na nukta mbili zinazometa ambazo mwaka jana hazikuwepo. Nimeirudisha nyuma ya mablanketi.