Usiwaulize kama wameipenda, waulize wameona nini

Swali ambalo halina msaada kabisa kumuuliza mtu aliyetoka kuangalia filamu yako ni "umeionaje?" Kwetu huku ukimuuliza mtu hivyo umeshamfunga mdomo, atakwambia nzuri sana, hongereni, mmejitahidi, Mungu awatangulie, na wala hajakudanganya, amekustahi tu, maana nani atamkazia macho kijana wa watu aliyeazima kamera akashinda juani Temeke siku nzima amwambie mwanangu mimi sijaelewa kitu. Kwenye maisha heshima hiyo naipenda sana ila kwenye kuediti haina kazi, unarudi nyumbani na hongera kibao na hujui ukate wapi.

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaosomea filamu, iwe mpo TaSUBa Bagamoyo, mpo Mlimani, mpo kwenye vyuo vidogo vya hapa mjini au mnajifunza wenyewe tu kwa simu, kwa sababu kazi yetu ya kumaliza mwaka imenipa vitu ambavyo natamani tuvijadili kwa pamoja.

Filamu yenyewe ni fupi, dakika 14. Mzee mmoja fundi cherehani wa Tandika anaumwa, analazwa, huku nyuma mwanae ambaye ni bodaboda anaiuza cherehani ya baba yake. Mzee anaruhusiwa anarudi nyumbani, barazani pale alipokuwa anashonea pamebaki stuli peke yake, na hakuna anayemwambia kitu. Sini ya mwisho amekaa kwenye ile stuli, kamera inashuka taratibu mpaka miguuni, tunaona mguu unakanyaga sakafu, kisigino kidole, kisigino kidole, kama vile pedali bado ipo. Inaishia hapo.

Darasani hiyo sini ilipita vizuri mno, watu walipiga makofi na mwalimu akaisifia. Lakini darasa zima lilikuwa limeshaisoma skripti, kuna waliobeba taa siku ya kushuti na kuna waliopika chai, sasa mtu wa hivyo atakosaje kuelewa? Ndio maana tukaamua kuipeleka Mbagala, kwenye kibanda umiza, mwenye kibanda akatupa nafasi jioni kabla mpira haujaanza, akasema ila mechi ikianza nazima yenu, tukasema sawa bosi.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kibanda umiza, ni mabenchi, feni, TV moja na spika mbili, na watu wake hawakai kimya. Wengi wamekua na akina Lufufu, wale wasimuliaji wa filamu za nje zilizowekewa sauti ya Kiswahili juu yake, mtu anakusimulia, anatafsiri, anatania, anakueleza huyu ni adui na yule ni shemeji yake, kwa hiyo kuongea na skrini kwao ni sehemu ya kuangalia. Wanamuonya mtu asifungue mlango, wanamtukana tapeli. Wapo wenzangu wanaoona kuonyesha kazi yako sehemu kama hiyo ni kuishusha, mimi siafiki hata kidogo, kwa sababu pale mtu hakupi maoni yake baada ya filamu akiwa ameshayapanga vizuri, anakupa palepale yakiwa bado ya moto, kila sekunde, bila kuulizwa.

Tulichofanya ni kukaa ubavuni mwa TV tukiwaangalia wao. Filamu yetu tulikuwa tumeshaiona mpaka basi. Mmoja wetu alishika daftari na saa, anaandika dakika na kilichotokea kwa watu: hapa wamecheka, hapa mama amegeuka kumuuliza jirani yake kitu, hapa kijana wa benchi la kati ametoa simu. Simu ikitoka mfukoni andika dakika, usiandike sababu, sababu utaitafuta ukifika kwenye taimulaini, pale unapozipanga picha wakati wa kuediti. Yule mama aliyegeuka kuuliza nae ana thamani sana, maana amekuonyesha sekunde ambayo uzi umemkatikia, na ungemuuliza mwishoni asingeikumbuka.

Tukafika sini ya mwisho. Mguu unakanyaga. Kijana wa nyuma akasema kwa sauti, "Mzee mguu unamsumbua, wangemuacha kwanza hospitali." Na mama mmoja mbele yake akaitikia, "Hicho kiharusi hicho, shemeji yangu kilimuanza hivyo hivyo." Wengine wakatikisa kichwa, ee kweli, na filamu ikaisha, watu wakabaki wanajadili kiharusi.

Sasa hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusema hawa watu hawajui kusoma picha, na nimewasikia wanafunzi wengi wakisema hivyo. Ya pili ni kujiuliza wameisomaje mpaka wakafika huko, na ukiifuatilia unakuta wameisoma sawasawa kabisa. Kuna yale majaribio ya Lev Kuleshov wa Urusi, karne iliyopita mwanzoni, tunayofundishwa wote: uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso ule ule usiobadilika, ukiuunganisha na sahani ya supu watu wanaona njaa, ukiuunganisha na jeneza wanaona majonzi. Mtazamaji anachukua picha mbili anapata maana ya tatu. Sasa sisi tuliwapa nini kabla ya ule mguu? Kitanda cha wodi, dripu, mzee anashuka kwenye bajaji ameshikwa mkono, anatembea na fimbo. Afu tukawapa mguu unaocheza wenyewe. Ugonjwa jumlisha mguu unapata nini? Hata mimi ningesema kiharusi. Na cherehani mle ndani ilionekana mara moja tu, kwa mbali, mzee ameinama anashona, miguu yake imefichwa na meza. Kwa hiyo hawakuwahi kuona mguu huo ukifanya kazi yake hata siku moja.

Tulipotoka nje tukawauliza tungefanyaje, na dawa zikaja nyingi: wekeni muziki wa huzuni, wekeni maandishi pale chini, mzee aseme mwenyewe jamani cherehani yangu iko wapi, alie. Walter Murch, yule edita wa Marekani aliyefanya kazi na Francis Ford Coppola miaka ya 1970, ameielezea hali hii kwa mfano wa daktari, kwamba mgonjwa anakuja analalamika kiwiko, kumbe mshipa umebanwa begani, ukikimbilia kupasua kiwiko umemuumiza bure. Mtazamaji tunamwamini kabisa akisema hapa panauma, ila mahali pa kutibu tunapatafuta sisi. Kwa hiyo sini ya mwisho hatukuigusa, hata fremu moja. Tulirudi dakika ya 2.

Tukaazima tena cherehani ya miguu kwa fundi wa jirani, tukamrudisha mzee wetu na makubazi yake yale yale yenye mkanda uliofungwa kwa uzi mwekundu, maana lazima mtu aujue ule mguu akiuona tena, tukashuti klozapu, yaani picha ya karibu kabisa, ya mguu kwenye pedali, kisigino kidole, na ile sauti ya chuma tukairekodi peke yake kwa karibu. Kisha hiyo sauti tukaiacha iendelee hata picha ikishahama, mtoto anakunywa uji huku unaisikia cherehani nje, kijana anaosha pikipiki unaisikia. Yaani nyumba nzima inaishi ndani ya ile sauti. Siku mzee anaondoka kwenda hospitali ndio inakatika. Haikuongeza hata dakika moja kwenye filamu.

Tulipoionyesha tena, mtaa mwingine na watu wengine, mguu ulivyoanza tu mtoto mmoja aliyekaa chini kabisa mbele akasema "Anashona!" Mama yake akamwambia shii.

Kuna aina nyingine ya mrejesho ambayo haitaki tafsiri, ni ya kuchukua na kushukuru. Pale Mbagala alikuwepo mama fundi, mama mtu mzima, alisubiri wengine wamalize akasema, "Wanangu, fundi gani huyo hana futi shingoni?" Na ni kweli, fundi wa kitaa futi ya kupimia haitoki shingoni, na chaki ipo masikioni au mezani, na nguo za wateja zimefungwa furushi furushi pembeni. Sisi barazani kwetu palikuwa pasafi kama pa picha ya kalenda. Siku ile ile tuliyorudi kushuti mguu tukamvisha mzee futi, tukamuomba yule mama aje atupangie mafurushi, akaja, na hakutaka hela. Jina lake lipo kwenye majina ya mwisho kama msimamizi wa ushonaji.

Ila mrejesho uliobadilisha filamu kuliko wote ulitoka kwa bodaboda. Kwenye stori yetu kijana anauza cherehani ili apate kianzio cha pikipiki ya mkataba. Jamaa mmoja aliyekuja na helmeti yake mkononi akasema hapana kaka, mkataba hauendi hivyo, hapa kwetu unatafuta mdhamini, mnaandikishana, unaanza kumpelekea tajiri mwenye pikipiki hesabu, ile hela ya kila siku, muda ukiisha pikipiki inakuwa yako, sasa huyu kauza cherehani ya mshua wake apate nini? Na mwenzake akamalizia, "Huyo mkeka umechanika, anasingizia pikipiki," yaani kabeti kaliwa. Kibanda kizima kikacheka, na kuanzia hapo ikawa wazi kwetu kwamba kwa wale vijana mhusika wetu hakuwa mtoto aliyebanwa, alikuwa mcheza kamari. Tuliacha tundu wakaliziba kwa kitu wanachokiona kila siku mtaani.

Tukamuuliza yule jamaa, sasa bodaboda anayempenda baba yake atafikaje mahali pa kuuza cherehani? Akajibu bila hata kufikiria, "Si mgonjwa? Nani anakaa nae wodini? Ukikaa wodini hupeleki hesabu, usipopeleka hesabu tajiri anachukua chombo chake." Nilitamani nimkumbatie. Yaani kijana anapoteza pikipiki kwa sababu ya kumuuguza baba, anauza cherehani ya baba kuikomboa ili arudi barabarani alipe gharama za baba. Hiyo stori ni nzuri kuliko tuliyoiandika sisi, na ilikuwa imekaa kwenye benchi la Mbagala ikimsubiri mtu aulize.

Tena haikuhitaji kushuti upya. Kuna sini kijana anaongea na dada yake akiwa ametupa mgongo, anafunga mlango, mdomo hauonekani, na mdomo usipoonekana unaweza kuweka maneno yoyote. Tukamwita mwigizaji, tukajifungia kwenye chumba chenye godoro na mapazia mazito, tukarekodi upya: "Tajiri kachukua chombo chake. Wiki nzima nipo wodini, sijapeleka hesabu." Tukaweka chini yake upepo na kelele za mtaa zilezile za siku ya kushuti ili isisikike kama imebandikwa. Hapa niwasisitize wenzangu, mkimaliza kila lokesheni nyamazeni wote muirekodi ile hali ya mahali japo kwa dakika moja, siku ya kupachika sauti mpya ndio itawaokoa.

Kuhusu saundi sitasema mengi, watu wakisema hatusikii, basi hawasikii, hapo hakuna begani wala kiwikoni. Tuliediti kwa hedifoni, mle kibandani kuna feni na mlango uko wazi barabarani, dada alivyonong'ona maneno yake yote yalipotea. Sasa hivi kabla hatujasema imekamilika tunaisikiliza kwa spika ya simu, dirisha likiwa wazi.

Hii habari ya kumpelekea mtu kazi yake kisha ukae umsikilize haikuanza na sisi wala haikutoka Ulaya. Miaka ya 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walienda kijiji cha Malya kule Kwimba kufanya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji wenyewe, wanazungumza nao matatizo yao, yanageuzwa mchezo na ngoma, na baada ya kucheza mjadala unaendelea. Na kabla ya hapo bibi zetu walishindwa kusimulia hata sentensi mpaka umeitikia hadithi njoo. Ndio maana mwanafunzi wa filamu akiniambia mtazamaji wa Kibongo ana kelele naumia, kwa sababu mimi naona huyo mtazamaji yupo kazini.

Pamoja na hayo kuna jambo moja tuliloombwa kila tulipokwenda na tumelikataa. Watu wanataka kijana aombe msamaha. Wanataka apige magoti, mzee amuinue, waishe. Tulilijadili sana hili sisi wenyewe, hadi usiku, na kuna mwenzetu alikuwa upande wa watazamaji, anasema kwa mila zetu mtoto hawezi kukaa kimya. Kilichotuamulia ni kwamba baada ya lile neno la hesabu kuingia, mabishano ya watu yalibadilika. Mwanzoni wote walikuwa wanamlaumu kijana. Sasa wanagawanyika, wapo wanaosema aombe radhi kwa kuuza bila ruhusa, wapo wanaosema mzee ndiye ampe mwanae pole, na mama mmoja alisimama kabisa akasema wa kulaumiwa ni dada mtu, alijua toka mwanzo. Tukimpigisha magoti tutakuwa tumeshawaamulia nani mwenye kosa, na sisi wenyewe hatujakubaliana. Kwa hiyo hakuna msamaha, na kopi tunayoituma kwenye matamasha ndiyo hiyo.